Beringi za Ekseli ya Nyuma: Uhai wa Magari Makuukuu ya Old Moshi

Barabara itokayo Moshi mjini kwenda Old Moshi hupanda mfululizo, ikipita kati ya mibuni na migomba, hata masikio ya abiria yakaanza kuziba kwa mabadiliko ya kanieneo ya hewa. Mji ulioko uwandani una kimo cha mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Vijiji vya juu kama Kidia hupita mita 1,300. Zamani huko juu ndiko kulikokuwa Moshi yenyewe, makao ya Mangi Rindi na mwanawe Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1900. Reli kutoka Tanga ilipofika uwandani mwaka 1911, mji mpya ulikua kando ya stesheni ukachukua jina, na mji wa awali ukabaki kuitwa Moshi ya Kale.

Katika njia za namna hii gari kuukuu hupimwa kweli kweli. Land Rover za Series, ambazo zilitengenezwa kuanzia mwaka 1948 hadi 1985, zingali zikionekana Kilimanjaro, nyingine zikiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake. Injini huweza kufunguliwa na kufungwa mara nyingi. Bodi ya alumini haishiki kutu kama bati la chuma. Lakini kuna kifaa kidogo kilichojificha nyuma ya gurudumu ambacho kikipuuzwa huhatarisha kila aliyemo garini: beringi ya ekseli.

Kazi ya beringi ni kubeba uzito huku ikiruhusu gurudumu kuzunguka kwa msuguano mdogo. Ndani ya habu ya nyuma ya Land Rover mna beringi mbili zinazotazamana. Kila moja ina pete ya ndani, pete ya nje, na kati yake safu ya rola zenye umbo la pia iliyokatwa ncha, zikishikiliwa na kizimba chembamba cha bati. Umbo hilo, ambalo Henry Timken alilipatia hataza nchini Marekani mwaka 1898, lina faida kubwa: beringi hubeba uzito unaokandamiza kutoka juu, na papo hapo huhimili msukumo wa kutoka ubavuni gari linapokata kona.

Hapa msomaji atofautishe aina mbili za ekseli. Katika magari madogo mengi ya zamani, hafu shafti hufanya kazi mbili: huzungusha gurudumu na hubeba uzito wa gari. Beringi ikisagika au shafti ikikatika, gurudumu laweza kuchomoka pamoja na kipande cha shafti. Katika Land Rover uzito hubebwa na ncha ya bomba la ekseli lenyewe, nayo hafu shafti huzungusha tu. Ndiyo maana fundi huweza kuichomoa hafu shafti ya Land Rover hali gari limesimama juu ya magurudumu yake, jambo ambalo humshangaza mtu aliyezoea magari madogo.

Kwa nini basi beringi huchakaa? Chuma chake cha pua kina kaboni ya asilimia 1 hivi na kromiamu ya asilimia 1.5 hivi, na hutiwa ugumu kwa moto. Hata hivyo kila rola inapopita hukandamiza chuma kilicho chini yake, na mkandamizo huo ukirudiwa mara mamilioni huzaa ufa mdogo usioonekana. Ufa hupanda juu, na gamba la chuma hubanduka. Hesabu za wahandisi zinaonyesha kwamba mzigo juu ya beringi ya rola ukiongezwa mara mbili, maisha yake hayapungui kwa nusu tu, bali hubaki takriban sehemu moja ya kumi. Mwenye gari anayepakia magunia ya ndizi mara mbili ya kipimo na afikirie jambo hilo.

Lakini katika miteremko ya Kilimanjaro, beringi nyingi hazifi kwa uchovu wa chuma. Huuawa na maji na matope. Udongo wa mlima huu umetokana na miamba ya volkano, na chembe zake zikichanganyika na grisi huwa kama msasa. Njia ambayo maji hupitia yastahili kuelezwa. Ekseli ina tundu dogo la kupumulia. Gari likipanda kilima, oili ya difu hupata joto, na hewa iliyomo hutanuka na kutoka kupitia tundu hilo. Tundu likizibwa na matope, hewa husukuma oili kupita kwenye sili hadi kwenye habu, na kutoka huko hadi kwenye viatu vya breki. Kisha gari likiingia kijitoni, ekseli ya moto hupoa ghafla, hewa hunywea, na maji hufyonzwa ndani kupitia sili ile ile. Kitundu ambacho husafishwa kwa waya kwa dakika moja huharibu beringi na breki kwa pamoja, na breki ndiyo tegemeo la abiria katika mteremko wa kurudi mjini.

Dalili za uchakavu hazifichiki. Kwanza ni mngurumo unaobadilika gari likata kona. Fundi hulinyanyua gari kwa jeki, huliwekea vigingi imara, kisha hushika tairi juu na chini na kulitikisa. Kwa kuwa gurudumu la nyuma halina viungo vya usukani, mchezo wowote unaosikika huelekea kuwa ni wa beringi. Mafundi wazoefu huweka pia vidole juu ya springi huku mwenzao akizungusha gurudumu. Ukwaruzaji mdogo usiosikika kwa sikio huhisiwa kwa vidole.

Baada ya kufungua dramu, hafu shafti, nati mbili na washa ya kufungia, habu huvutwa nje. Beringi huoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa bila kuizungusha kwa upepo wa kompresa, maana rola zisizo na mafuta hukwaruzana. Hapo chuma husimulia habari zake. Rangi ya buluu huonyesha joto kali. Mistari myeusi iliyoachana sawa na nafasi za rola huonyesha gari lililoegeshwa masika nzima likiwa na maji ndani ya habu. Vishimo na magamba maana yake ni beringi mpya tu. Pete ya nje hubadilishwa pamoja na ya ndani. Kuichanganya mpya na kuukuu ni kupoteza fedha.

Pete ya nje iliyokazwa ndani ya habu hugongwa kwa kipande cha shaba, kamwe si kwa nyundo moja kwa moja, kwani chuma kigumu huweza kurusha kipande na kupofua jicho. Kuingiza pete mpya kunarahisishwa na sufuria ya maji. Huko Old Moshi maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi badala ya 100, lakini hizo zatosha: tundu la milimita 60 likipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 95 hutanuka kwa karibu milimita 0.05. Habu hukaushwa vema, na pete huingia kwa mgongo mdogo.

Sili mpya haitoshi ikiwa pete inayokaliwa na mdomo wake imechimbika mfereji. Hapo oili itavuja tena kabla ya mvua zijazo. Grisi hushindiliwa kati ya rola, wala si kujaza habu yote, kwani ikizidi huchemka kwa kuvurugwa.

Mwisho ni kukaza. Nati hukazwa huku habu ikizungushwa mpaka mchezo wote uishe, kisha hulegezwa kidogo ili ubaki mwendo wa milimita 0.10 hadi 0.15, upimwao kwa saa ya kupimia. Wengi hukaza mno wakidhani wanaimarisha. Beringi isiyo na nafasi ya kutanuka hujiunguza yenyewe. Nati ya pili ikishakazwa, mwendo hupimwa upya, kisha washa hukunjwa.

Gari huendeshwa kilomita chache, husimamishwa, na kiganja huwekwa juu ya kila habu ya nyuma. Vuguvugu lililo sawa pande zote mbili ni la kawaida. Upande mmoja ukimfanya fundi aondoe mkono upesi, gurudumu hurudi juu ya jeki kabla ya abiria kupanda.