Sinema ya Mambo ya Kweli: Vijana wa Rich Hill

Wengi wetu tukisikia neno sinema hufikiri mara moja juu ya watu wapiganao ngumi, magari yapinduliwayo na wapenzi waimbao chini ya miti. Lakini iko sinema ya namna nyingine, ambayo ndani yake hamna mchezaji hata mmoja. Watu tuwaonao ni watu kweli, nyumba ni zao wenyewe, na wakilia wanalia kwa jambo lililowapata. Sinema ya namna hii huitwa filamu ya hali halisi. Nataka kueleza jinsi inavyotengenezwa, na kwa mfano nitachukua filamu moja ituhusuyo sisi vijana, iitwayo Rich Hill, iliyotolewa Marekani mwaka 2014.

Kwanza tutazame asili yake. Mwaka 1922 Mmarekani mmoja, Robert Flaherty, alitoa filamu iitwayo Nanook of the North, juu ya maisha ya Wainuit wakaao kaskazini mwa Kanada, katika nchi ya barafu. Watu walistaajabu sana, maana hawakuwa wamepata kuona maisha ya watu wa mbali kwa namna ile. Mwaka 1926 Mskoti mmoja, John Grierson, aliposifu filamu nyingine ya Flaherty, alitumia neno la Kiingereza ambalo hata leo ndilo jina la filamu za namna hii.

Lakini msomaji asidhani kuwa kila kilichoonyeshwa kilitokea chenyewe. Nyumba ya barafu ya Nanook ilikuwa ndogo na yenye giza, na kamera za siku zile zilikuwa kubwa. Basi ikajengwa nyumba nyingine, ikaachwa wazi upande mmoja ili mwanga upate kuingia. Tena mtu yule aliombwa awinde kwa silaha za mababu, ingawa watu wake walikwisha kuzoea bunduki. Tangu siku hizo watengenezaji wa filamu hizi wamekuwa wakibishana: je, mtu akiongoza mambo mbele ya kamera, yaonekanayo bado ni kweli?

Sasa tuje kwenye mfano wetu. Rich Hill ni mji mdogo wa mashamba katika jimbo la Missouri, kusini ya jiji la Kansas City, uliokuwa na watu wapatao 1,400 tu mwaka 2010. Ulianzishwa mwaka 1880 kwa ajili ya makaa ya mawe yaliyochimbwa huko, na ndiyo maana ya jina lake, yaani Kilima chenye Utajiri. Makaa yalipokwisha kuwa na faida, kazi nazo zikaondoka. Maduka mengi yakafungwa, na watu wengi wakahama. Jina likabaki, utajiri ukaenda zake.

Filamu ilitengenezwa na watu wawili wa ukoo mmoja, Tracy Droz Tragos na Andrew Droz Palermo, ambao ni binamu. Mji ule hawakuufikia kama wageni, kwa maana jamaa zao walitoka huko. Bibi Tragos alikwisha kutengeneza filamu nyingine mwaka 2003, juu ya baba yake aliyeuawa katika vita vya Vietnam. Katika Rich Hill waliwafuata wavulana watatu, waliokuwa bado katika umri wa kwenda shule. Majina yao sina haja ya kuyataja. Yatosha kueleza hali zao.

Wa kwanza ana wazazi wote wawili, nao wanapendana. Lakini mama ni mgonjwa, na baba hufanya vibarua vya hapa na pale, akitumaini siku zote kuwa mambo yatakuwa mazuri katika mji unaofuata. Basi jamaa huhama mara kwa mara, na kijana huanza upya kila wahamiapo. Hata hivyo hakati tamaa. Asema kuwa wao si takataka, ni watu wema. Asema pia kuwa humwomba Mungu kila usiku, na kwamba labda Mungu bado ana shughuli na watu wengine, lakini iko siku atamfikia na yeye.

Wa pili analelewa na bibi yake, kwa sababu mama yake yumo kifungoni, na huzungumza naye kwa simu. Shuleni hakai: mara husema anaumwa, mara hutaka kwenda nyumbani, na mwalimu mkuu hujaribu kumbembeleza abaki. Wa tatu analelewa na mama peke yake pamoja na ndugu zake wengi. Baba aliondoka zamani. Kijana huyu ana hasira za upesi, naye huvuta sigara ingawa bado ni mtoto. Lakini hupenda kuchora, na ndoto yake ni kwenda China kufundisha sanaa.

Filamu yaanza na kwisha kwa fataki za tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Kati ya sikukuu hizo mbili twaona mwaka mzima ukipita. Hakuna msimulizi anayetuambia tufikiri nini; wavulana wenyewe na jamaa zao ndio wasemao. Mwaka 2014, katika tamasha la Sundance, filamu hii ilipata tuzo kuu ya majaji kwa filamu za hali halisi za Marekani.

Usione vyaelea, vimeundwa. Kwa filamu ya dakika 91 kama hii, hapana budi kupiga picha kwa saa nyingi mno. Watengenezaji huja, huondoka, hurudi tena, hata wenye nyumba huwazoea na kusahau kamera. Kisha huja kazi ya kuchagua na kuunganisha. Hapo ndipo penye uwezo mkubwa na hatari kubwa. Ukichagua siku za ugomvi tu, kijana ataonekana mkorofi. Ukichagua siku za kicheko tu, shida zake zitafichwa. Kila picha yaweza kuwa kweli, na filamu nzima ikawa uongo.

Mwenzangu mmoja nilipomweleza habari hii alistaajabu, akasema, "Kumbe hata Marekani wako wasio na maji ya moto ya kuoga?" Mwingine akauliza swali gumu zaidi: "Je, si aibu kuwaonyesha watu wote umaskini wa mtoto wa mwenzio?" Swali hili lastahili jibu. Mtoto hawezi kujua leo picha yake itamfanya nini baada ya miaka ishirini. Kwa hiyo haitoshi mzazi kutia sahihi. Yapasa mtoto mwenyewe aelezwe na kuulizwa, na akisema "zimeni kamera," izimwe. Lakini kuficha nako kuna madhara yake. Watu wasioonekana husahauliwa, na wanaosahauliwa hawasaidiwi. Kijana aliyesema wao si takataka hakuwa akiomba sadaka. Alitaka ajulikane yeye ni nani.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapotazama filamu ya namna hii, jiulize mambo matatu. Nani aliyeshika kamera, na ana uhusiano gani na watu hawa? Nini kimeachwa nje? Na je, mwenye maisha haya akikaa karibu nami na kuitazama, angekubali kuwa huyu ndiye yeye?

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Filamu haiwezi kutulaza katika kitanda cha mwingine. Lakini ikitengenezwa kwa uaminifu, yatuketisha kando yake kwa muda, tukamsikiliza mwenye kitanda akieleza mwenyewe jinsi alivyolala.