Nani atauliza swali la mama wa Lundo?

Safu hii imezoea kuzungumzia magonjwa na tiba. Leo tuzungumzie watu wanaotafuta hizo tiba, hasa mabinti wanaoanza kazi ya utafiti. Utaona jambo hili linavyokuhusu wewe mgonjwa, na wewe mzazi.

Mchukue mama wa Lundo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Anateka maji, anafua, anaosha vyombo na kuogesha watoto, yote ziwani. Penye konokono wenye vimelea vya kichocho, vimelea hivyo hupenya ngozi yake akiwa amesimama majini. Wengi tunakijua kichocho kwa kukojoa damu. Wachache wanajua kwamba mayai yake hukwama pia ukeni na kwenye shingo ya kizazi, yakaleta maumivu, uchafu, kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, na wakati mwingine ugumba.

Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa. Basi mama hupewa dawa za zinaa, hapati nafuu, na nyumbani anaanza kutazamwa vibaya. Hata mkojo unaweza kupimwa usionyeshe yai lolote, ilhali ugonjwa upo. Kitabu cha picha cha Shirika la Afya Duniani cha kuwasaidia wahudumu kuutambua kilitoka mwaka 2015.

Ugonjwa wa namna hii unahitaji mtafiti ambaye mama huyu hataona haya kumweleza. Lakini duniani, kwa takwimu za UNESCO, mtafiti mmoja tu kati ya watatu ni mwanamke. Wengi huanza vizuri chuoni, kisha huachia njiani.

Tanzania tunao mfano wa aliyefika mbali. Dk Mwele Malecela alisoma elimu ya wanyama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akajiunga na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, mwaka 1987, katika kituo cha Amani. Alitafiti matende na mabusha, magonjwa ambayo wengi waliyaonea aibu. Mwaka 2010 akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza taasisi hiyo, na baadaye akaongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani. Alifariki Februari 10, 2022. Leo upo mpango wa kuwalea kitaaluma wanawake wa Afrika wanaopambana na magonjwa hayo, uliopewa jina lake.

Malezi hayo huanzia kwenye warsha. Warsha nzuri haihitaji hoteli kubwa. Watu 15 au 20 wanatosha, ili kila mmoja apate nafasi ya kusema. Kila binti apewe mlezi ambaye si bosi wake, kwa sababu yapo mambo mtu hawezi kumwambia anayemsainia likizo. Wafundishwe kwa vitendo: kuandika ombi la fedha, kuomba kibali cha maadili, kuandika makala, na kukubaliana mapema majina ya nani yatakuwa kwenye makala hayo. Iwepo chumba cha wanaonyonyesha. Likizo ya uzazi ni siku 84, lakini tarehe ya mwisho ya kuomba fedha haimsubiri mzazi. Walezi waliopitia hayo wanajua namna ya kuyapanga.

Rushwa ya ngono nayo izungumzwe waziwazi. Ni kosa kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na binti aondoke akijua pa kuripoti.

Warsha isiishie siku ya kupiga picha. Kila mmoja aandike mpango wa mwaka, akutane na mlezi wake kila mwezi, hata kwa simu. Na siku moja ifanyike nje ya jiji. Toka Dar es Salaam hadi mwambao wa Nyasa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mtafiti aliyekaa na akina mama wa Lundo atarudi na maswali ambayo hayapatikani maktaba.

Mzazi, binti yako akipenda sayansi, usimwambie ni ya wavulana. Mpunguzie kazi za jioni asome. Akiwa mtafiti mwenye mtoto mchanga, msaidie kulea; bibi aliyekubali kumshika mjukuu kwa wiki mbili ameokoa utafiti mzima.

Mgonjwa, ukiombwa kushiriki utafiti, uliza unahusu nini, una hatari gani, na majibu yatarudi lini kijijini. Una haki ya kukubali, kukataa, au kujitoa bila kunyimwa matibabu.

Na kama umekulia ziwani na una dalili nilizotaja, nenda kituo cha afya, umwambie mhudumu wazi: "Nimekuwa nikioga na kufua ziwani." Sentensi hiyo inaweza kubadili vipimo utakavyofanyiwa. Dawa ya kichocho huua minyoo, lakini makovu yaliyokwisha kufanyika huweza kubaki. Usikawie.