Ekari, hekta na hatua 70: Vipimo vinavyopunguza shamba la mkulima Kilosa

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

MKULIMA anayekodi ekari moja ya shamba wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, anaweza kuondoka na theluthi mbili tu ya eneo alilolilipia, na pasiwepo mtu aliyekusudia kumdhulumu.

Chanzo ni miguu. Kuanzia vijiji vya Kimamba na Rudewa hadi upande wa Mikumi, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi, ekari hupimwa kwa hatua 70 upande mmoja na hatua 70 upande wa pili.

Hesabu hiyo ina asili yake. Ekari ni kipimo cha Kiingereza chenye yadi za mraba 4,840, sawa na mita za mraba 4,047. Yadi 70 kwa yadi 70 hutoa yadi za mraba 4,900, tofauti ambayo mwenye jembe hawezi kuiona. Kwa hiyo hatua iliyokusudiwa ni yadi moja, yaani sentimita 91.44.

Hapo ndipo penye kasoro, kwa kuwa mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida hafikishi urefu huo. Mwenye hatua ya sentimita 75 akihesabu 70 huwa amekwenda mita 52.5 tu, na mraba wake huwa na mita 2,756, yaani ekari 0.68. Mrefu anayetanua miguu hadi mita moja hupata mita za mraba 4,900, ambazo ni ekari 1.21. Kati ya wawili hao imepotea zaidi ya nusu ekari, ingawa wote wamehesabu 70.

Hasara hiyo haiishii kwenye kodi ya shamba. Trekta hulipwa kwa ekari, vibarua wa palizi hulipwa kwa ekari, na mbegu na mbolea hushauriwa kwa ekari. Aliyepimiwa ekari tano kwa hatua fupi hugharimia ekari tano huku akilima tatu na nusu hivi, kisha wakati wa mavuno huilaumu mvua.

Utata wa pili umo katika jina. Wananchi wengi huiita ekari "heka", neno linalokaribiana mno na hekta. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, sawa na ekari 2.47. Hati na ramani za serikali huandikwa kwa hekta, wakati mazungumzo ya mkutano wa kijiji huendeshwa kwa heka. Mwekezaji akiomba hekta 20 na wanakijiji wakasikia heka 20, wao hudhani wametoa ekari 20 kumbe zimekwenda zaidi ya 49.

Mkanganyiko huo una historia. Wajerumani, walioanzisha kilimo kikubwa cha mkonge nchini, walitumia hekta. Waingereza waliotawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaleta ekari, futi na maili. Baada ya uhuru nchi ikarejea kwenye mita, lakini ulimi wa mkulima ukabaki na ekari.

Kabla ya wote hao, njia ya misafara iliyopita bonde la mto Mkondoa, ambayo Henry Morton Stanley aliifuata mwaka 1871, ilikuwa na vipimo vyake. Shibiri mbili zilifanya mkono mmoja, mikono miwili wari moja, mikono minne pima moja, na mikono minane ikawa doti ya nguo. Mkono ulitoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole, hivyo muuzaji alinufaika kwa kupima na mtu mwenye mkono mfupi.

Wala tabu hiyo si ya Waswahili peke yao. Wagiriki wa kale walihesabu futi 600 kuwa stadioni moja, lakini uwanja wa mbio wa Olympia una mita 192 na ule wa Delphi takriban 178, kwa sababu kila mji ulikuwa na futi yake. Hispania ilikuwa na vara, yenye futi tatu za huko. Ile ya Burgos ilikuwa na sentimita 83.6. Stadioni ya Olympia ni vara 230 za Burgos, jibu lisilo na maana mpaka itajwe futi ya mji gani na vara ya mji gani. Hatua 70 nazo zina swali hilohilo: za nani?

Reli nayo inatoa mfano. Njia ya Kilosa hadi Kidatu kupitia Mikumi ina upana wa milimita 1,000, wakati Tazara, inayokutana nayo Kidatu, ina 1,067, ambazo ni futi tatu na inchi sita. Kwa tofauti ya milimita 67, isiyofika upana wa kiganja, mizigo hulazimika kuhamishwa.

Kwa Kilosa, suala la ukubwa wa ardhi si la darasani. Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni kwenye mapigano ya wakulima na wafugaji. Kipimo hakikuwa chanzo cha maafa hayo, lakini ni wazi kwamba katika wilaya hiyo mpaka usioeleweka ni jambo la hatari.

Dawa yake ni nyepesi: kamba isiyovutika, iliyopimwa mita 63.6 kwa utepe wa fundi. Mraba wa upande huo ni ekari moja. Palipo pembamba, mita 40 kwa mita 101 hutosha.

Pembe nazo zikaguliwe, kwani shamba lililopinda hupoteza eneo hata pande zake zikiwa kamili. Kutoka kwenye kona hupimwa mita tatu upande mmoja na mita nne upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa mita tano kamili, kona imenyooka. Ukipungua au kuzidi, kigingi cha mwisho husogezwa kabla ya fedha kutolewa.