Fahamu: Hampi na magofu ya dola la Vijayanagara

Hampi ni eneo la magofu kando ya mto Tungabhadra, jimbo la Karnataka, kusini mwa India. Hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya dola la Kihindu la Vijayanagara, lililoanzishwa mwaka 1336.

Mahekalu yake

Maarufu zaidi ni Vittala. Uani mwake kuna gari la mawe lenye magurudumu, ambalo kwa kweli ni hekalu dogo la Garuda, ndege anayembeba mungu Vishnu. Linaonekana kama jiwe moja, kumbe ni vipande vilivyounganishwa kwa ustadi. Picha yake imo kwenye noti ya rupia 50. Nguzo za ukumbi wa Vittala hutoa sauti kama za ala za muziki zikigongwa, ingawa sasa wageni hawaruhusiwi kuzigonga.

Virupaksha, hekalu la mungu Shiva, si gofu: waumini husali humo hadi leo. Hekalu la Hazara Rama lina kuta zilizochongwa kisa cha Ramayana, utenzi mkuu wa Kihindu.

Majengo ya kifalme

Mazizi ya tembo yana vyumba 11 vyenye kuba za mtindo wa Kiislamu, ushahidi kwamba dola hili halikujifungia katika sanaa ya Kihindu pekee.

Mji uliangukaje?

Mwaka 1565 masultani wa eneo jirani la Deccan waliungana wakalishinda jeshi la Vijayanagara katika vita vya Talikota. Mji uliporwa, ukahamwa. UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1986.