Ajali ya gari: usiweke dole gumba kabla ya kuuliza

Mwezi huu tunataka tuongee juu ya ajali za barabarani, na hasa juu ya kile kinachokuja nyuma ya ajali, yaani fidia. Kumkimbiza mgonjwa hospitali tunajua. Kudai haki yake, hapo wengi wetu tunanyamaza.

Wazo hili lilitujia Ruharo, kule Mbarara, kwenye hospitali ya misheni inayojulikana kwa matibabu ya macho. Tulikuwa tumemsindikiza mama jirani yetu. Kwenye benchi tukamkuta baba mmoja wa huku kwetu Rubondo, jicho la kushoto limefungwa bandeji.

"Pole baba, imekuwaje?" tukamuuliza.

"Asanteni wanangu. Ni lori la mahindi."

Baba huyu alikuwa mpakiaji. Kwa miezi mingi alipanda lori la mfanyabiashara mmoja, akipakia magunia huku kambini na kuyashusha Mbarara, kwa malipo ya shilingi 50,000 kila wiki. Siku moja breki zilikataa kwenye mteremko, lori likalala ubavu, na vipande vya kioo cha mbele vikamwingia jichoni. Siku ya pili mwenye lori alifika pale alipolazwa. Alileta shilingi 150,000 na karatasi ya Kiingereza. "Weka dole hapa, ni kuonyesha tu kwamba umepokea." Baba akaweka. Alikuwa na maumivu, na nyumbani watoto walikuwa hawajala.

Baadaye kijana wake anayesoma sekondari aliisoma nakala ya ile karatasi. Ilisema baba ameridhika na hatadai kitu tena kwa sababu ya ajali ile.

Pesa zile ziliisha kwa dawa na nauli. Jicho halikupona. Baba alituambia, "Mimi ni mkimbizi, nitamshtaki nani?"

Neno hilo ndilo lililotuuma. Tukaenda kuuliza, tukasoma, na tuliyoyapata tunawaletea hapa.

Kwanza, ukimbizi haufungi mlango. Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 16, unasema mkimbizi ana haki ya kufika mahakamani bila kizuizi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 nayo inatambua haki hiyo, pamoja na ya kufanya kazi. Aliyeumizwa na gari haulizwi kwanza ni Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda au Msomali.

Pili, milango ya fidia ni zaidi ya mmoja, na wengi wanajua ule wa stika peke yake. Kila gari na kila pikipiki inayotembea barabarani Uganda inatakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu, ile ya third party. Sheria yake ni ya 1989. Bima hii hailipi gari la mwenyewe. Inalipa watu wengine walioumizwa au kufiwa: mama aliyegongwa akitoka sokoni, mtoto aliyegongwa na boda akienda shule. Lakini msingi wake ni lawama ya mwenye gari, ndiyo maana ripoti ya polisi inahitajika sana. Halafu malipo yake ni madogo. Sheria ile iliweka kikomo cha shilingi 1,000,000 kwa mtu mmoja na 10,000,000 kwa ajali nzima, hata kama walioumia ni wengi. Kabla ya kudai, ulizeni kiwango cha siku hiyo kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, IRA. Mamlaka hiyo pia inapokea malalamiko dhidi ya kampuni za bima, na hupaswi kulipia kulalamika.

Mlango wa pili ni wa mtu aliyeumia kazini, na huu ndio uliokuwa mlango wa baba wa Ruharo bila yeye kujua. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 haianzi na swali la nani alikosea. Inauliza kama uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Hata kama mfanyakazi mwenyewe alikuwa mzembe, fidia haikatazwi kwa sababu hiyo. Hata ajali inayompata mtu akienda kazini moja kwa moja au akirudi inaweza kuhesabiwa, mradi aonyeshe kwamba hakupitia kwingine kwa mambo yake.

Angalieni tofauti ya pesa. Aliyefariki kazini na kuacha wanaomtegemea, au aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, anahesabiwa mshahara wa miezi 60. Mtu wa shilingi 200,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 12,000,000. Aliyepoteza sehemu ya uwezo, mfano jicho moja au vidole, anapata asilimia ya kiasi hicho kufuatana na jedwali la sheria na maneno ya daktari. Gharama za matibabu ni juu ya mwajiri. Sasa linganisheni na zile 150,000.

Mlango huu unapitia kwa afisa kazi wa wilaya. Sisi tuko wilaya ya Isingiro, na ofisi za wilaya ziko Kabingo. Mwajiri apewe taarifa ya ajali kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja. Ukichelewa, usikate tamaa. Kama mwajiri mwenyewe alijua habari za ajali, kuchelewa kwako peke yake hakuui madai. Lakini lazima uonyeshe kwamba ulikuwa unamfanyia kazi mtu huyo kwa malipo. Hapo vibarua wengi wanashindwa, maana hawana hata kikaratasi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi andikeni siku za kazi, pesa mliyopokea, na jina la aliyewalipa, hata kwenye daftari la mtoto la shule.

Mlango wa tatu ni mahakama, pale bima isipotosha. Aliyeumia anaweza kumshtaki dereva, na pia mwenye gari kama dereva alikuwa kwenye kazi yake. Kwa majeraha muda ni miaka 3 tangu ajali. Kwa wafiwa wanaodai kwa ajili ya marehemu muda ni mfupi zaidi, miezi 12 tangu kifo. Matanga yasiwasahaulishe.

Sasa ajali ikitokea, tufanye nini? Mgonjwa kwanza. Wakati wengine wanambeba, mmoja aandike namba ya gari, na kwenye stika aandike jina la kampuni ya bima na tarehe ya mwisho. Mwenye simu apige picha. Chukueni majina ya watu wawili watatu walioona. Gari likikimbia bila namba kujulikana, kudai kunakuwa kugumu sana, kwa hiyo namba ni kitu cha kwanza. Kisha ripotini polisi siku hiyohiyo na muombe namba ya faili. Hospitali, tunzeni kila risiti na kila fomu, hata ya nauli. Kama kuna kifo, msizike kabla ya kupata maandishi ya daktari na ya polisi. Mjulisheni na mwenyekiti wa RWC, awe shahidi wa kwenu.

Na mwenye gari akija na pesa? Kupokea msaada wa dawa si dhambi. Lakini karatasi usiyoweza kuisoma usiiwekee dole. Mwambie, "Asante, acha nimuite mwanangu asome." Mkitaka kupatana kwa ajali ya kazini, patanani mbele ya afisa kazi. Msaada wa sheria bila malipo upo pia: Refugee Law Project, iliyoanzishwa 1999 chini ya Chuo Kikuu cha Makerere, kazi yake ni wakimbizi. Ulizeni Base Camp watawaelekeza.

Neno kidogo kwa familia zenye ndugu waliohamishiwa nchi za mbali, au zinazongoja safari. Huko kuna bima ya gari isiyouliza kosa. New Zealand inafanya hivyo kwa ajali za kila namna tangu 1974, na hata mgeni anahudumiwa. Quebec, kule Kanada, tangu 1978. Marekani, jimbo la Massachusetts lilianza 1971 na Michigan 1973. Michigan na Kentucky, ambako Wakongomani wetu ni wengi, aliyeumia hutibiwa kwanza kwa pesa za bima, mara nyingi ile ya gari lake mwenyewe, bila kungoja kujua nani alikosea. Kentucky kiwango cha msingi ni dola 10,000. Michigan, tangu Julai 2020, mwenye gari anachagua kiasi, na anayechagua kidogo kwa kupunguza gharama atalindwa kidogo. Huko nako muda unabana: Michigan ni mwaka mmoja kutoa taarifa. Mwambieni ndugu asikae kimya kwa sababu ya lugha. Aombe mkalimani.

Turudi kwa baba yetu. Tulimwonyesha haya, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. Akaenda Kabingo na kijana wake. Wakabeba ile karatasi ya dole. Afisa akaisoma, akaigonga kwa kidole: imeandikwa tarehe, imeandikwa lori, imeandikwa kwamba aliumia "akipakia mizigo", na mwenye lori ameweka sahihi yake. Karatasi iliyotaka kumfunga mdomo ndiyo inashuhudia kwamba alikuwa kazini na kwamba mwajiri alijua.

Tunapoandika haya madai yake bado yako mezani, na hatuwezi kuwaahidi mwisho wake. Jicho halitarudi. Lakini baba hasemi tena "nitamshtaki nani". Anasema, "Nimeitwa tena Jumanne."

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Na njiani mwende salama.