Mtoto asiyetulia darasani si lazima awe mtundu

MCHELEA mwana kulia, hulia yeye. Kwa miaka mingi methali hii imetumiwa na wazazi na walimu kuhalalisha kiboko kwa mtoto asiyetulia, asiyemaliza kazi aliyopewa na anayesahau leo alichofunzwa jana.

Hata hivyo, utafiti wa zaidi ya karne moja unaonyesha kwamba baadhi ya watoto hawa hawakukosa malezi wala adabu. Wana tatizo la ukuaji wa ubongo linalowazuia kudhibiti makini na mienendo yao jinsi wenzao wa umri huo wanavyoweza.

Wataalamu hulitambua tatizo hilo kwa kifupisho ADHD, yaani upungufu wa makini unaoandamana na utukutu uliokithiri. Uchanganuzi wa tafiti 102 kutoka mabara mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2007, ulikadiria kwamba watoto watano hivi katika kila 100 wanaishi nalo.

Kwa darasa la wanafunzi 60, hesabu hiyo ni sawa na watoto watatu. Mwalimu asipotambua anachokiona, huenda watatu hao wakaishia kuchapwa, kufukuzwa au kuacha masomo wakiamini kwamba wao ni wajinga.

Dalili

Dalili zenyewe zimegawika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la upungufu wa makini: mtoto hufanya makosa madogo madogo yasiyomstahili, hupoteza kalamu na vitabu kila mara, huonekana kama hasikii anaposemeshwa, na huanza kazi asiimalize.

Kundi la pili ni la utukutu na pupa. Mtoto hawezi kuketi mahali pamoja, hukimbia na kuparamia vitu pasipofaa, hujibu swali kabla halijakamilika, na hawezi kungoja zamu yake.

Bila shaka kila mtoto hufanya hayo siku moja au nyingine. Ndiposa mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2013, ukaweka masharti makali kabla ya mtoto kutajwa kuwa na ADHD.

Kwa mujibu wa mwongozo huo, mtoto sharti awe na dalili zisizopungua sita kati ya tisa za kundi mojawapo, tena kwa muda wa angalau miezi sita. Dalili ziwe zilianza kabla hajatimiza miaka 12, zionekane mahali pawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni, na ziwe zinatatiza masomo yake au uhusiano wake na watu.

Sharti la mahali pawili lina uzito wake. Mtoto anayesumbua shuleni pekee, ilhali nyumbani ni mtulivu, huenda anaonewa na wenzake au amelemewa na somo. Mwingine haoni ubao vizuri, hasikii sawasawa, au huja darasani kabla ya kutia chochote tumboni.

Wapo pia wanaopatwa na aina ya kifafa ambapo mtoto huduwaa kwa sekunde chache bila kuanguka, na mwalimu akadhani anaota ndoto za mchana. Kila mojawapo ya hali hizi ina tiba yake, na hakuna inayotibiwa kwa dawa za ADHD.

Wasichana nao husahaulika mara nyingi. Wengi wao huwa na dalili za kundi la kwanza pekee. Huketi kimya dirishani, hawamsumbui mtu, na kwa sababu hiyo hakuna anayewauliza wana tatizo gani.

Ugonjwa wa zamani

Wapo wanaodai kwamba ADHD ni ugonjwa uliobuniwa juzi kwa ajili ya kuuza dawa. Historia haikubaliani nao.

Mnamo 1902, daktari Mwingereza George Still aliwahutubia madaktari wenzake jijini London kuhusu watoto waliokuwa na akili timamu lakini wasioweza kujizuia wala kutulia, hata baada ya kuadhibiwa. Mihadhara yake ilichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka huohuo.

Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, aliyesimamia hospitali ya watoto katika jimbo la Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 dawa ya kuchangamsha mwili iliyoitwa Benzedrine. Jambo la kushangaza ni kwamba karibu nusu yao waliimarika mno katika masomo, na wengi wakawa watulivu zaidi.

Ugunduzi huo haukupata wafuasi upesi. Ni baada ya dawa ya Ritalin kuanza kuuzwa katika miaka ya 1950 ambapo tiba ya aina hiyo ilienea, nalo jina la upungufu wa makini likaingia rasmi katika mwongozo wa Marekani mwaka 1980.

Yanayotendeka ubongoni

Mnamo 2007, watafiti wa taasisi ya kitaifa ya afya ya akili nchini Marekani walilinganisha picha za ubongo za watoto 223 wenye ADHD na za wengine 223 wasio nayo. Walichunguza gamba la nje la ubongo, ambalo huongezeka unene utotoni kabla ya kuanza kupungua.

Walibaini kwamba ubongo wa watoto wa kundi la kwanza ulifuata mpangilio uleule wa ukuaji, ila kwa kuchelewa. Nusu ya sehemu zilizopimwa zilifikia upeo wa unene wakiwa na umri wa miaka 10 na nusu, ilhali wenzao walifika hapo wakiwa na miaka saba na nusu. Ucheleweshaji ulikuwa mkubwa zaidi sehemu ya mbele, inayohusika na kujizuia na kupanga mambo.

Kwa hivyo, kumtandika mtoto wa aina hii ili awe kama wenzake ni sawa na kumwadhibu mtoto kwa kuchelewa kuota meno.

Urithi pia una nafasi kubwa. Tafiti zilizolinganisha mapacha wanaofanana kabisa na wasiofanana zinakadiria kwamba takriban robo tatu ya tofauti zinazoonekana baina ya watoto katika jambo hili hutokana na jeni. Si ajabu, basi, baba anayelalamikia utukutu wa mwanawe akakumbushwa na nyanya wa mtoto jinsi alivyokuwa yeye mwenyewe.

Lakini hakuna jeni moja ya ADHD. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 ulitambua sehemu 27 za jeni zinazohusishwa na tatizo hili, kila moja ikichangia kiasi kidogo tu. Wengi wa waliochunguzwa walikuwa wa asili ya Ulaya, na pengo hilo linahitaji kuzibwa na wanasayansi wa Afrika.

Mbali na urithi, watoto waliozaliwa kabla ya wakati na waliodhuriwa na madini ya risasi, yale yanayotumiwa katika betri za magari, wamo katika hatari zaidi. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua vyema sumu hiyo, iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu.

Katika eneo hili la Afrika kuna adui mwingine. Utafiti uliofanywa jijini Kampala, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia watoto wa miaka mitano hadi 12 waliougua malaria ya ubongo. Miaka miwili baada ya kupona, asilimia 18.4 yao walikuwa na upungufu wa makini katika vipimo walivyofanyiwa, ikilinganishwa na asilimia 2.5 ya watoto wa mitaa hiyo ambao hawakuugua.

Hali hiyo si lazima iitwe ADHD. Hata hivyo, inamkumbusha mwalimu kwamba mwanafunzi aliyeanza kuzubaa baada ya kulazwa hospitalini hakuzua uvivu huo kwa hiari yake.

Sukari je?

Wazazi wengi huamini kwamba peremende na soda ndizo huwatia watoto wazimu. Uchanganuzi wa majaribio kadhaa uliochapishwa mwaka 1995 haukupata ushahidi kwamba sukari hubadilisha tabia za watoto.

Katika jaribio moja la mwaka 1994, akina mama walioambiwa kwamba wana wao wamekula sukari waliwaona kuwa watukutu zaidi, ingawa watoto hao hawakuwa wamepewa sukari hata kidogo. Macho ya mzazi huona kile moyo ulichokwisha kuamini.

Hatari ya pupa

Ikiwa kiboko ni kosa, kumbandika mtoto jina la ugonjwa kwa haraka ni kosa jingine. Ushahidi wa jambo hili ulitoka katika mkoa wa British Columbia, Canada, ambako watafiti walichunguza rekodi za zaidi ya watoto 930,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2012.

Katika mkoa huo watoto wanaozaliwa Januari hadi Desemba mwaka mmoja huanza shule pamoja. Wavulana waliozaliwa Desemba, ambao ndio wadogo zaidi darasani, walikuwa na uwezekano wa asilimia 30 zaidi kutajwa kuwa na ADHD kuliko wale wa Januari. Kwa wasichana, tofauti ilikuwa asilimia 70.

Hii ina maana kwamba baadhi yao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wadogo tu, wakipimwa kwa mizani ya wakubwa wao. Mzazi wa Kenya anayeharakisha kumwingiza mwanawe darasani kabla ya umri wake ana la kujifunza hapa.

Tiba

Kuhusu tiba, utafiti unaotajwa sana ni ule wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, uliowahusisha watoto 579. Baada ya miezi 14, waliopewa dawa kwa uangalizi wa karibu, pamoja na waliopewa dawa na mafunzo ya tabia kwa pamoja, walipungukiwa na dalili zaidi kuliko waliopata mafunzo pekee.

Lakini kufikia mwaka wa tatu, tofauti baina ya makundi hayo zilikuwa zimetoweka. Watafiti pia waligundua kwamba dawa zilipunguza kidogo kasi ya watoto kurefuka. Funzo ni kwamba dawa husaidia, ila si za kumezwa na kusahauliwa. Daktari hana budi kumwona mtoto tena na tena.

Kupuuza nako kuna gharama. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2012 uliowafuatilia watu wazima 25,656 wenye ADHD ulibaini kwamba, katika vipindi walivyotumia dawa, visa vya uhalifu vilipungua kwa asilimia 32 kwa wanaume na asilimia 41 kwa wanawake.

Nchini Kenya, adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakariri katazo hilo. Licha ya hayo, fimbo haijatoweka madarasani, nao madaktari wa akili waliobobea katika tiba ya watoto ni wachache mno, wengi wao wakiwa katika miji mikuu.

Mzazi asiyeweza kumfikia daktari kama huyo anaweza kuanzia katika vituo vya kutathmini mahitaji ya elimu ya watoto, vinavyojulikana kama EARC, ambavyo vilianzishwa mwaka 1984 na vipo katika sehemu mbalimbali za nchi. Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, pia huwatathmini watoto.

Kabla ya kwenda huko, inafaa mzazi na mwalimu waandike kwa majuma kadhaa mambo wanayoyaona: mtoto alishindwa kufanya nini, wapi, saa ngapi, na kama alikuwa amelala na kula vya kutosha. Aidha, apimwe macho na masikio.

Darasani, mambo madogo hupunguza makali ya tatizo. Mtoto aketishwe mbele, mbali na dirisha na mlango. Apewe agizo moja kwa wakati mmoja badala ya matano. Kazi ndefu igawanywe vipande vifupi, aruhusiwe kusimama na kufuta ubao anapochoka kuketi, na asifiwe papo hapo anapofanya vyema.

Hayo yote hayahitaji fedha wala daktari. Yanahitaji mtu mzima aliye tayari kuuliza kwa nini mtoto huyu hatulii, kabla ya kuinua mkono.