Lubumbashi, darasa la Samatta tunalolisahau

MUULIZE shabiki yeyote pale Mbagala Rangi Tatu safari ya Mbwana Samatta ilianzia wapi, kuna uwezekano mkubwa akakutajia Genk. Mwingine ataruka moja kwa moja hadi Aston Villa, Januari 2020, alipokuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu England. Si ajabu, picha za Ulaya ndizo zinazong'aa. Lakini kati ya Mbagala na Genk kuna karibu miaka mitano ambayo huwa tunaipita kama daladala iliyojaa inavyopita kituo.

Miaka hiyo aliimalizia Lubumbashi, DR Congo, akiwa na TP Mazembe. Kila dirisha la usajili linapofunguliwa na wachezaji wetu wakaanza kuwaza kuondoka, hiyo ndiyo sehemu ya hadithi yake inayotakiwa kusimuliwa upya.

MBAGALA HADI MJI WA SHABA

Samatta alianza kujulikana akiwa African Lyon, timu ambayo zamani iliitwa Mbagala Market, kisha mwaka 2010 akatua Simba. Msimbazi hakukaa sana. Mwaka 2011 Wekundu hao walipangwa na Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, wakatolewa, lakini mabosi wa Mazembe walikuwa wameshaona walichokiona. Mwaka huohuo wakamchukua dogo huyo wa miaka 18, na wakambeba pia kiungo Mganda Patrick Ochan aliyekuwa naye Simba.

Hapa Dar wengi tunaijua Lubumbashi kupitia malori. Mzigo unatoka bandarini, unapita Morogoro na Mbeya, unavuka Tunduma, unaikata Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa, ndipo unaingia Congo. Ni mji wa pili kwa ukubwa nchini humo, wenye watu zaidi ya milioni moja, na maisha yake yamejengwa juu ya shaba.

Wenyeji wanaongea Kiswahili, ila si hiki cha kwetu. Watoto ni 'batoto', pesa ni 'falanga', na katikati ya sentensi Kifaransa kinaingia bila hodi. Kwa kijana aliyeondoka nyumbani akiwa na miaka 18, hiyo ni nafuu kubwa. Angalau unaagiza chakula bila mkalimani. Tatizo ni kwamba Kiswahili hakikupi namba kikosi cha kwanza.

ALIKUTA WATU WAMESHIBA MAKOMBE

Hebu tukumbushane Mazembe ile ilikuwa timu ya namna gani. Ilikuwa imebeba Ligi ya Mabingwa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010. Desemba 2010 iliifunga Internacional ya Brazil na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikapoteza 3-0 mbele ya Inter Milan.

Golini alikuwa Robert Kidiaba, yule wa kushangilia kwa kurukaruka kwa makalio. Kulikuwa na jina kubwa la Tresor Mputu. Kulikuwa na Wazambia Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu. Ukiwa Simba, bao moja dhidi ya Yanga linatosha kukufanya uimbwe mwaka mzima. Lubumbashi ukifunga bao kama hilo wanakuuliza la kesho liko wapi.

Hapo ndipo wengi wetu tungeanza kuikumbuka Kilwa Road.

MISIMU MINNE BILA KOMBE LA AFRIKA

Tena bahati haikuwa upande wake mapema. Mwaka 2011 Mazembe iliondolewa Ligi ya Mabingwa kwa kumtumia mchezaji asiyestahili. Mwaka 2012 ikaishia nusu fainali mbele ya Esperance ya Tunisia. Mwaka 2013 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikapigwa na CS Sfaxien. Mwaka 2014 ikatolewa tena nusu fainali, safari hii na ndugu zao wa Kinshasa, AS Vita.

Hesabu vizuri. Misimu minne, mataji ya ligi ya ndani yanakuja, lakini lile kombe ambalo Mazembe wanalitaka kuliko yote halionekani. Angerudi Dar mwaka 2012 nani angemlaumu? Angepokewa Uwanja wa Ndege kwa ngoma na vuvuzela, angepewa jezi namba anayoitaka, na stori ingeishia hapo.

Akakomaa. Mwaka 2015 kila kitu kikakaa sawa. Kwenye makundi aliipiga Moghreb Tetouan mabao matatu peke yake. Fainali ya kwanza kule Algiers alifunga kwa penalti Mazembe ikishinda 2-1 dhidi ya USM Alger. Marudiano, Novemba 8, kwenye uwanja wao wa Kamalondo, akafunga penalti nyingine, wakashinda 2-0. Alimaliza mashindano akiwa na mabao saba, hakuna aliyemzidi.

Januari 2016 mjini Abuja akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akimwacha nafasi ya pili Kidiaba, kipa wake mwenyewe. Mwezi huohuo akasaini Genk.

Angalia alivyoingia Ulaya. Hakwenda kuomba majaribio na begi la viatu. Alikwenda akiwa bingwa wa Afrika, ana miaka 23, na alishazoea kuishi mbali na kwao. Genk yenyewe ni mji mdogo, watu wake hawafiki hata laki moja. Mji mkubwa wa ugenini alikuwa ameshaumaliza Lubumbashi. Yaliyofuata mnayajua: ubingwa wa Ubelgiji 2019, bao Anfield dhidi ya Liverpool Novemba mwaka huo, kisha Villa, na bao fainali ya Kombe la Carabao dhidi ya Manchester City.

SI KILA MTU ANATOBOA

Tusidanganyane kwamba kukaa kunatosha. Thomas Ulimwengu naye alikuwa Mazembe, naye alibeba kombe lile la 2015. Baadaye akapita Sweden, Bosnia, Sudan na Algeria, kabla ya kurudi tena Lubumbashi. Ni maisha ya mpira yenye heshima, lakini hayakufika alikofika mwenzake. Ugenini hakuna anayekuandikia hati ya uhakika.

Ila ukitazama waliofanikiwa, njia inafanana. Simon Msuva aliondoka Yanga 2017 kwenda Difaa El Jadida ya Morocco, klabu ambayo wengi mtaani hawakuwahi kuisikia. Akavumilia huko hadi 2020 Wydad Casablanca wakamfuata. Hakurukia ghorofa ya kumi, alipanda ngazi moja na akasimama juu yake hadi miguu ikawa imara.

Na sisi mashabiki tuna mchango wetu kwenye hili. Mchezaji wetu akikaa benchi wiki tatu ugenini, mitandaoni tumeshaanza: "Arudi tu Jangwani", "Msimbazi panamngoja". Tunadhani tunamuonyesha upendo. Kwa kijana aliye peke yake kwenye chumba cha kupanga, anayesoma simu usiku, maneno hayo ni mlango ulioachwa wazi. Siku hizi Simba, Yanga na Azam zinalipa vizuri, kwa hiyo mlango huo una na mshahara nyuma yake. Kurudi kumekuwa rahisi kuliko zamani, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Kwa hiyo dirisha lijalo ukisikia dogo fulani ameondoka, usianze na dau lake. Uliza ligi anayokwenda inaizidi yetu kiasi gani, na amesaini miaka mingapi. Akikosa namba mechi sita za mwanzo, tumuache afanye mazoezi. Samatta alilisubiri kombe lake hadi msimu wa tano.